Moto Niliouzima Kabla ya Siku Yake

Kifua cha Mama kilikuwa kinafika nyumbani kabla yake. Akitoka shambani, kwenye kile kilima chetu cha juu ya Ngungu, kabla hujaona kitambaa chake cha kichwa kati ya maharage ulishasikia filimbi: hiii, hiii, halafu kikohozi, halafu kimya kidogo, halafu filimbi tena. Watoto wa jirani walikuwa wanamwiga. Niliwahi kumfukuza mmoja wao mpaka kwenye bomba la maji, fimbo mkononi, mimi mwalimu mzima wa darasa la pili, sketi nimeikusanya kwa mkono mmoja. Mama alicheka mpaka akakosa pumzi, nikajilaumu kwa kumchekesha.

Niseme mapema: mimi ni mtu wa hasira. Jambo likikataa, ninalisukuma. Ndoa yangu ilivunjika kwa sababu hiyo, ao ndivyo wanavyosema upande wa mume, na ilipovunjika nilirudi kwa Mama. Kuanzia siku ile nilikuwa na kazi mbili, kufundisha watoto na kupigana na kile kifua.

Dawa za nyumbani tulizimaliza zote. Mikaratusi haikosekani kwetu, imepandwa kila ukingo. Nilichuma majani, nikayachemsha kwenye sufuria kubwa, nikamfunika Mama na blanketi pamoja na mvuke wake. Kila mtu alisema hiyo ndiyo inafungua kifua. Kifua chake ilikifunga. Alitoka chini ya blanketi macho yamemtoka, akanionyesha kwa kidole kwamba niondoe ile sufuria mbele yake haraka. Nikaleta asali ya msituni, ile inayopandishwa kutoka Walikale ndani ya vibidoni, vile vidumu vya njano, nikaichanganya na tangawizi. Asali ilituliza koo, hilo sikatai, lakini filimbi ilikaa palepale. Jirani mmoja akaleta siagi ya ng'ombe ya kumpaka mgongoni. Mwingine akaja na mubirizi, yale majani machungu ambayo hata mbuzi anayapita. Mama aliyanywa bila kukunja uso, kisha akanipa kikombe na mimi nionje, nijue jinsi watu wanavyompenda. Kila aliyepita njiani alikuwa daktari.

Kitu kimoja tu hakuna aliyekitaja, nacho kilikuwa katikati ya nyumba kinafuka moshi.

Nyumba yetu ni ya mbao, kama nyingi za huku, mabati juu na udongo chini. Baridi ya huku haina adabu. Ukungu unakufuata mpaka ndani ya blanketi. Mafiga matatu ya Mama yalikuwa hatua tatu kutoka kitanda chake. Asubuhi yanachemsha chai, mchana maharage, jioni viazi, na kati ya hapo kinabaki kigogo kinachoungua polepole. Mbao za juu zilikuwa nyeusi mpaka zinang'aa. Ukiingia kutoka nje ulisimama kwanza mlangoni, macho yazoee, ndipo unamwona Mama ameinama anapuliza. Yeye mwenye kifua kile ndiye alikuwa anapuliza.

Lazima niueleze moto huo, maana bila hivyo mtaniona mimi kichaa, ao mtamwona yeye. Kwetu, mwanamke akiolewa, mama mkwe wake anampa kaa la moto kutoka mafiga yake, naye analipeleka kwenye mafiga mapya. Kuanzia hapo moto huo ni wake. Unaweza kupungua, unaweza kulala chini ya majivu, lakini hauzimwi. Unazimwa siku moja tu. Mwenye moto akishazikwa, binti yake wa kwanza anachukua kikombe alichokuwa akinywea marehemu, anakijaza maji, anayamwaga kwenye mafiga bila kusema neno. Nilikuwa mdogo sana nilipoona shangazi yangu mkubwa akimfanyia bibi yetu hivyo. Kaburini wanawake walikuwa wamejikaza. Maji yalipogusa makaa ndipo walipoanza kulia, na nikajua kwamba bibi hayuko tena. Sisi ni Wakristo, Jumapili hazitupiti, na pasta mwenyewe alisimama pale kofia mkononi mpaka shughuli ikaisha.

Mama aliulinda moto wake kuliko wanawake wote ninaowajua. Mara zile tulizokimbia vita, wengine walibeba godoro, wengine kuku. Yeye alibeba kopo la maziwa ya unga, makaa ndani, majivu juu, amelifunga waya wa kushikia. Tulilala chini ya plastiki, mvua inatupiga, na asubuhi alifukua lile kopo, akapuliza, moto ukaamka. Siku tuliporudi tulikuta mabati yameibwa na milango imepasuliwa kuni. Kaka yangu alilia. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye mafiga, akamwaga makaa yake, akasema sasa tumefika.

Mwaka ule kifua kilipozidi, nilimpeleka kwenye kituo cha afya. Muganga, ndivyo tunavyomwita huku hata akiwa nesi, alikuwa kijana mwenye subira. Alisikiliza mgongo wake kwa muda mrefu, akasema ni pumu, na kwamba mapafu yenyewe yameshaliwa na moshi wa miaka yote. Akampa pompi ya kuvuta. Kwa kuwa Mama hakuweza kuibonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, muganga alichukua chupa tupu ya maji, akapasha kisu moto, akatoboa kitako chake kwa kipimo cha pompi. Pompi inaingia nyuma, mdomo wa chupa unaingia kinywani. Tikisa, bonyeza mara moja, vuta taratibu mara tano. Mama aliipenda ile chupa. Aliishonea mfuko wa kitenge.

Tulipokuwa tunatoka, muganga aliniita pembeni.

"Dada, dawa yangu inatumika masaa ine. Moshi yenu inatumika siku muzima," alisema. "Ule moto utoke mu nyumba."

Nilimweleza ni moto gani. Alikuwa mtu wa mbali, hakuujua, lakini hakucheka. Alirudia tu neno lake, kwa sauti ya chini, kana kwamba anaomba samahani.

Nikaanza kusukuma. Kwanza nilichukua panga nikabandua ubao mmoja wa ukuta, karibu na mafiga, moshi upate njia. Kesho yake nilikuta Mama ameziba pale na kiroba, eti upepo unauma. Kisha nikamwomba kaka yangu ajenge jiko la nje, nyuma ya nyumba. Alijenga kwa mabaki ya mbao, pazuri tu. Mama alikubali upesi, na hapo ningepaswa kushtuka. Alihamisha makaa yake ndani ya lile kopo la zamani, akapika huko siku hiyo, na mimi nikaenda masomoni kufundisha nikiwa nimeshinda.

Niliporudi, kigoda chake kilikuwa kimehamia jikoni. Kesho yake mkeka. Kabla ya juma kuisha blanketi nalo lilikuwa huko. Mama alikuwa anaishi jikoni, chini ya paa la kumgusa kichwa, moshi mara mbili ya ule wa nyumbani. Nilimuuliza ananifanyia nini. Akanijibu kwamba moto hauachwi peke yake mahali pageni. Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka kuchungulia. Mwishowe mimi mwenyewe ndiye niliyebeba makaa kuyarudisha ndani ya nyumba, machozi yananitoka, na sitadanganya kwamba yote yalikuwa ya moshi.

Alianguka wakati wa kupiga maharage. Vumbi la maganda lilikuwa limejaa uwanjani, alikuwa ameshika fimbo yake, akainama kama anayetafuta kitu, na hakuinuka. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Chupa haikufaa kitu. Wanaume walimlaza kwenye kipoyi, machela yetu ya miti, wakambeba mabegani mpaka barabarani, na mfanyabiashara mmoja wa Butembo aliyekuwa anateremsha viazi kwa lori alimshusha kijana wake wa mbele ili Mama akae na dereva. Nilikaa nyuma juu ya magunia, nikihesabu kona mpaka hospitali ya Kirotshe, kando ya ziwa, maana kila kona tuliyopita alikuwa bado yuko hai.

Hospitali walimpa hewa ya mashine, wakamchoma sindano. Siku ya tatu alikaa. Siku ya tano aliomba samaki. Dirisha la chumba cha wagonjwa lilikuwa wazi mchana kutwa, hewa ya ziwa inaingia, na hakuna hata kigogo kimoja kinachofuka. Asubuhi moja nilipokuwa namwosha niliweka sikio mgongoni kwake nikasikiliza. Nikasikiliza tena upande wa pili. Hakukuwa na filimbi. Kwa miaka mingi nilikuwa nimezoea ile sauti, mpaka ukimya wake ulinitisha.

"Umesikia nini?" aliniuliza.

"Hakuna kitu, Mama."

"Basi nimekuwa bibi-arusi," akasema, akaanza kuimba nyimbo za kanisani, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akamwomba apumzike kidogo.

Sijawahi kuwa na furaha kama siku zile. Nilimwona kichwani mwangu anazeeka taratibu, ananisumbua miaka kumi mingine. Kila siku aliniuliza swali moja: moto uko namna gani? Nilimwambia mke wa kaka yangu anaulisha, na ilikuwa kweli. Wifi yangu alikuwa anatoka kwake kila asubuhi, anakwenda kuchochea mafiga ya Mama, kama alivyoagizwa na Mama akiwa kwenye kipoyi, pumzi haiko lakini agizo liko.

Siku mbili kabla hajaruhusiwa, nilipanda nyumbani kuchukua nguo na kutayarisha. Nilisukuma mlango. Moshi ulinipokea usoni. Nyumba haikuwa na mtu ndani na bado ilikuwa imejaa moshi, kile kigogo kinaungua polepole, kinamngoja. Kitu kilipanda kichwani mwangu. Kwenye kibao cha ukutani kulikuwa na kikombe chake, kile cha bati chenye ua jekundu. Nilichota nacho maji kwenye ndoo nikamwaga kwenye moto. Nikachota tena nikamwaga. Mafiga yalipiga kelele, majivu yakaruka mpaka kwenye nywele zangu, na nilipogeuka wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni na mzigo wa kuni, mkono mmoja kichwani.

"Dada," akasema. "Na kikombe yake?"

Ndipo nilipokitazama kikombe. Naapa sikuwa nimefikiria. Kilikuwa karibu, basi. Lakini mimi ndiye binti wa kwanza, na kikombe ni chake, na maji yalikuwa maji.

Wifi yangu alifanya nilichopaswa kufanya mimi. Alisema twende kwake tuchukue kaa. Moto wake ulitoka kwa Mama, alimpa kwa mkono wake siku ya harusi, ni uleule, tuuwashe na hakuna atakayejua. Alisema kwa upole, na mimi upole wake ukanizidishia hasira. Nikamwambia Mama amepona kwa sababu amekaa bila moshi, na mimi simrudishi kwenye moshi ili majivu yafurahi. Nikamwambia atanishukuru. Wifi aliweka kuni chini akaondoka.

Siku mbili nilifanya kazi kama punda. Nilisugua masizi, nikapaka chokaa, nikabandua kile kiroba cha ukutani. Nikaweka mbabula, jiko la makaa, nje kwa ajili ya kupikia, na makaa yaliyokauka vizuri. Nyumba ilikuwa nyeupe. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona ukuta wa nyuma mchana, bila kusimama mlangoni kwanza.

Alipofika hatukumsikia. Pikipiki ilimwacha chini, akakataa kushikwa mkono na kaka yangu aliyekwenda kumchukua, akapanda kilima kwa miguu yake, na hakuna filimbi iliyotangulia. Tulimkuta tu yuko mlangoni anatabasamu. Akaingia. Akatazama kuta, akazisifu kwanza, hilo silisahau. Kisha akatazama mafiga.

"Nani alimwanga maji?"

"Ni mimi, Mama."

"Na nini? Na chombo gani?"

Niligeuka kutazama ukutani. Kikombe kilikuwa pale kwenye kibao, nimekiosha, nimekigeuza chini juu. Alikitazama muda mrefu. Kisha akakaa kwenye kigoda chake, mikono magotini.

"Basi mulishanizika," akasema.

Hakunigombeza. Ningependa angenipiga. Nilikimbia kwa wifi, nikarudi na kaa ndani ya kigae, nikapiga magoti mbele yake nikamwambia ni moto wake, uleule, umetoka kwake. Alinitazama kwa huruma, kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi anayejitahidi na hajui. Alisema: ule ni wa mke wa kaka yako, mrudishie, watoto wake watakula nini.

Kuanzia siku ile aliishi nyumbani kwake kama mgeni. Alishukuru kwa kila kitu. Alikula kidogo, akisema imetosha. Jembe lake alimpa wifi, vitenge vyake viwili vya kanisani akawapa majirani, na kile kigoda alitaka kunipa mimi, nikakataa. Kifua kilikuwa kizuri. Hicho ndicho kinachonikosesha raha mpaka leo: kwa majuma matatu Mama alipumua vizuri kuliko nilivyomjua maisha yangu yote, na hakukuwa na alichokuwa anapumulia.

Chupa yake aliiacha ndani ya mfuko wake wa kitenge. Nilimkumbusha asubuhi na jioni. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikaleta mpaka pasta aongee naye. Alimsikiliza pasta vizuri, akamwombea safari njema. Nilipomng'ang'ania sana aliniambia mara moja tu, bila ukali:

"Muntu mwenye walishazika hakunywake dawa, mutoto wangu."

Halafu ukungu ulishuka, ule wa mvua ndefu, homa ikamshika, na filimbi ikarudi. Muganga alipanda mwenyewe kutoka kituoni, viatu vimejaa matope. Mama alimsalimia kwa heshima yote. Akamwambia, pumzi ikikatika katika kila neno, kwamba moto ulitoka kama alivyotaka. Kijana wa watu alinitazama mimi, akatazama chini. Alitaka tumrudishe Kirotshe. Mama alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, na wanaume wa kipoyi wakakataa kumbeba mtu asiyetaka.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilimkalisha, nikamwegemeza kifuani kwangu, nikaweka mdomo wa chupa kwenye midomo yake. Aliifunga. Nikatikisa pompi nikabonyeza. Dawa ilitoka ikajaa ndani ya chupa, ukungu mdogo mweupe, ukakaa pale unangoja. Nilimwambia, Mama, vuta. Nikamwambia, nisamehe, vuta. Alinipapasa mkono. Nikabonyeza tena. Chupa ilikuwa bado nyeupe ndani wakati kifua chake kilipoacha kulia.

Tulimzika kesho yake mchana, pembeni ya shamba la maharage. Tuliporudi, wanawake waliingia nyumbani wakasimama kuzunguka mafiga, kama inavyofanyika, na pasta alisimama mlangoni kofia mkononi. Wifi yangu alikishusha kikombe chenye ua jekundu, akakijaza maji, akanipa. Hakunitazama usoni. 

Mafiga yalikuwa baridi. Majivu yenyewe nilishayazoa siku ile ya chokaa.

Nilisimama na kikombe chake mpaka maji yakaanza kumwagika mkononi. Sikuweza kuyamwaga kwenye mawe matupu mbele ya watu wale, na sikuweza kukirudisha kikombe kwenye kibao. Basi nilikiweka chini, nikatoka uani, nikaokota vijiti. Vilikuwa na unyevu. Nikavipanga kati ya mafiga na kuwasha kiberiti, mara ya kwanza, mara ya pili. Moshi ulijaa ndani ya nyumba yangu nyeupe, wanawake wakaanza kukohoa mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyetoka. Niliinama nikapuliza kama alivyokuwa anapuliza yeye. Nilipuliza mpaka ukashika.

Kisha nikachukua kikombe nikauzima. Ulikuwa moto mdogo, wa kiberiti, haukufanya kelele yoyote. Wanawake walingoja kidogo, halafu wakaenda nyumbani, na hakuna aliyelia.